Besi Chini ya Kapeti

Mudy, fundi redio wa mtaa wa Lyamkena, alilichomoa tairi la akiba kutoka kwenye shimo lake ndani ya buti, akalidundisha chini, kisha akalisukuma mpaka likaegemea ukuta wa kibanda chake.

"Hili sasa langu," alisema akipangusa mikono. "Shimo lako."

Abdulaziz alicheka, lakini kicheko chenyewe kiliishia kwenye meno. Tairi halikuwa lake. Hata gari halikuwa lake. Ile Corolla nyeupe ilikuwa mali ya Mzee Nahumu, mzee wa kanisa, mkulima mwenye mashamba ya miti na viazi, na Abdulaziz alikuwa dereva wake tu. Sasa dereva anapata wapi ubavu wa kubadilishana tairi la tajiri wake kwa spika? Hilo alijiuliza usiku kucha na jibu hakulipata, na asubuhi alikuja hivyo hivyo.

Tusimlaumu kabla hatujamsikia. Miaka ile magari ya Dubai yalikuwa yamefunguliwa mlango, na kila aliyeuza shamba la miti alileta lake stendi ya Makambako. Zamani mji mzima ulikuwa na Pijo chache zilizochoka, abiria akimbembeleza dereva kwa baba na mama. Sasa abiria ndiye aliyebembelezwa. Wafanyabiashara wa viazi na mbao, vijana wenye pesa za moto mfukoni, walipita gari baada ya gari wakitega masikio. Gari la Tarsis, dereva mwenzake wa kijiweni, lilikuwa na muziki mnene, ule unaomgonga mtu kifuani. Gari la Tarsis halikukaa kijiweni hata dakika. Abdulaziz, ambaye redio yake ililia kama nyuki ndani ya kopo, alishinda anafuta vioo.

Na alihitaji kupeleka hesabu ya tajiri kila jioni bila kukosa, kwa sababu Mzee Nahumu alikuwa amempa ahadi. Alimwambia hivi: "Abduli, mimi nimechoka na mambo ya magari. Litunze, lete hesabu. Siku tukitoka Njombe kupeleka posa ya mwanangu Sila, tunapita kwa wakili, gari linaandikwa jina lako. Utanilipa polepole." Mtu akishaambiwa neno kama hilo, usingizi unakwisha. Abdulaziz alikuwa amekuja Makambako kutoka Tabora akiwa utingo wa malori, ameendesha magari ya watu mpaka nywele zimeanza kumtoka, na hajawahi kumiliki hata baiskeli. Gari jina lake! Alikuwa akilitamka jina lake peke yake anapoendesha, kwa sauti ya karani.

"Mzee hataki muziki," alimwambia Mudy. "Anasema gari ni la kazi, si la disko. Kila Jumamosi anakuja kulikagua. Anafungua mpaka buti."

"Ataona nini? Kapeti." Mudy alikuwa ameshaanza kupima shimo kwa kamba. "Mimi sikuwekei boksi la kuonekana, kaka. Nakuwekea kitu kimelala."

Na kweli alikuwa fundi wa kubana matumizi, huyo Mudy. Alikata plaiwudi ya makombo ya kiwanda cha mbao, akatengeneza boksi la duara lililokaa shimoni sawasawa. Nyufa aliziziba kwa gundi na unga wa msumeno. Ndani alishindilia sweta la mtumba lililotoboka viwiko, ili sauti isiwe ya debe. Spika aliitoa kwenye redio kubwa iliyokufa, emplifaya ndogo akaibana pembeni, waya akaupitisha chini ya zulia la sakafu mpaka mbele kwenye betri. Swichi aliificha chini ya dashibodi, mahali ambapo kidole cha dereva tu kingefika. Walipoijaribu, kibao cha namba kilianza kulia kama meno ya mtu mwenye homa. Mudy akakipachikia vipande vya mpira wa tyubu, kikanyamaza. Mwisho kabisa akatandika kapeti.

"Washa."

Abdulaziz aliwasha. Wee! Mlio ulipanda kutoka chini ya kiti, ukampitia mgongoni, ukamtekenya mpaka shingoni. Alijikuta anatabasamu peke yake kama bwana harusi.

* * *

Zamda, mkewe, hakutabasamu. Alikuwa akiuza vitumbua na chai karibu na stendi, na habari zilimfika kabla mume hajafika.

"Eti umempa Mudy tairi la mzee?"

"Tumebadilishana."

"Kubadilishana ni cha kwako kwa cha mwenzako. Na pancha je?"

"Nitaazima kwa Tarsis."

"Kwa Tarsis!" Zamda alipiga makofi mara moja, akageukia chungu chake. "Unayemnyang'anya abiria ndiye atakuazima tairi. Baba Salha, wewe una nini lakini?"

"Mama Salha, hebu nisikilize. Nikipata abiria, nalinunua jingine. Mzee akija anakuta tairi liko mahali pake. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Zamda. "Nami mzee huyo ananisalimia vizuri."

Ila abiria walikuja, usimnyime mtu haki yake. Walikuja na waliimba humo ndani. Hesabu ikaenda kila jioni, na Mzee Nahumu akasema mbele ya watu kwamba Abduli ni kijana mwaminifu. Jumamosi alipokuja kukagua, alifungua buti, akatazama kapeti, akalifunga. Kila mara moyo wa Abdulaziz ulimruka, na kila mara uliporudi mahali pake, lile wazo la kununua tairi jingine alilisogeza mbele kidogo. Kulikuwa na karo ya Salha. Kulikuwa na kodi ya chumba. Tairi lilisubiri.

Kisha siku ya posa ikafika.

* * *

Mzee Nahumu alitoka na mkewe, Mama Sila, wamevaa nguo za kanisani. Nyuma yao vijana wawili walibeba dumu kubwa la mtogwa, ulanzi mchanga wa mianzi uliogemwa alfajiri hiyo hiyo, mtamu bado, ule ambao hata mzee wa kanisa anakunywa bila kutazama nyuma.

"Mianzi yangu mwenyewe," alisema mzee kwa majivuno. "Kwa mzee Efraimu huingii mkono mtupu. Anaonja kwanza, ndipo mnakaribishwa viti. Weka taratibu. Na usifunge kizibo, Abduli. Huu unapumua."

Nani asiyejua? Makambako yote, Mwislamu na Mkristo, mnywaji na asiyekunywa, wanajua kwamba ulanzi haufungwi. Mdomo wa dumu ulikuwa umezibwa kwa fundo la majani ili hewa itoke. Abdulaziz aliliweka juu ya kapeti, juu ya siri yake, akaingia garini.

Walisimama dukani, Mama Sila akashuka na mumewe kuchagua kitenge cha mama wa binti. Abdulaziz akaenda nyuma, akafungua buti. Povu jeupe lilikuwa limetoka kwenye yale majani, linateremka ubavuni mwa dumu, na doa la kwanza limekwisha ingia kwenye kapeti. Chini ya doa lile kulikuwa na emplifaya.

Alitazama dukani. Mama Sila alikuwa akinyoosha kitenge kwenye mwanga. Abdulaziz alichomoa majani, akayatupa mtaroni, akachukua kizibo kilichoning'inia kwa kamba, akakikaza. Akakikaza tena. Mwendo si mrefu, alijiambia. Saa moja tu. Tukifika pale getini nitakilegeza kabla ya mtu yeyote kushuka. Walipotoka dukani, alikipokea kitenge akakilaza mwenyewe kando ya dumu.

Njia ingekuwa saa moja kweli, lakini mbele ya Mtwango lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara, na magari yamepangana pande zote mbili. Waliingia kwenye foleni. Jua likawaka. Mama Sila akatoa mahindi ya kuchoma, mzee akaanza kukumbuka alivyokwenda kuposa yeye, kwa miguu, siku mbili, na baba mkwe wake akamwambia arudi kesho.

Abdulaziz hakusikia neno. Alikuwa anasikiliza nyuma. Ko! Plastiki ilinyooka. Baada ya muda, ko! tena.

"Mzee, ngoja nikatazame mzigo."

"Mzigo una nini? Kaa. Wanaanza kuondoa lori, tutapitwa."

"Nakwenda kujisaidia basi."

"Mbele ya magari yote haya? Jikaze, Abduli, mwanamume mzima."

Alijikaza. Alipiga hesabu zote: akishuka kwa nguvu, mzee atashuka naye, maana hawezi kukaa bila kuujua mtogwa wake unaendeleaje. Akikiri kwamba amefunga kizibo, ataulizwa kwa nini. Na hiyo kwa nini ilikuwa imelala chini ya kapeti. Lori lilipoondolewa, aliendesha kama anayebeba mayai, kila shimo alilikwepa, mpaka mzee akamuuliza kama anaumwa.

* * *

Nyumba ya Mzee Efraimu, baba wa binti, ilikuwa nje kidogo ya Njombe, barabara ya vumbi, ua wa misonobari. Watu walikuwa wamekwisha simama uani wakiwangoja, wanawake wamejifunga mashuka kwa sababu ya upepo. Zilibaki hatua chache tu kufika getini, gurudumu la nyuma likaingia kwenye korongo la maji ya mvua.

Bum!

Gari lilitikisika. Mama Sila akapiga yowe. Kuku wakatawanyika.

"Tairi hilo!" alisema Mzee Nahumu. "Simama, Abduli. Simama ubadilishe, usiharibu ringi. La akiba si lipo?"

"Lipo... mzee, si tairi. Nadhani si tairi. Twende tu, tumeshafika."

"Si tairi nini? Nimesikia kwa masikio yangu." Na kabla Abdulaziz hajafungua mlango wake, mzee alikuwa ameshashuka. Vijana wa kwa Efraimu walikimbia kuja kusaidia, wema wa watu wa bara, mmoja amekwisha kunja mikono ya shati. Mzee Efraimu mwenyewe akawafuata polepole na fimbo yake.

"Kamwene, mwenzangu," alisema. "Mmepata pancha mlangoni kwetu?"

"Kamwene. Jambo dogo, mwenzangu. La akiba lipo."

Akafungua buti.

Harufu ilitoka kwanza, tamu na chachu. Dumu lilikuwa limepasuka ubavu kuanzia juu mpaka chini. Kitenge cha mama wa binti kilikuwa kinaelea. Mtogwa ulijaa buti, unanywea kwenye kapeti, unadondoka chini kwenye vumbi la njia. Kijana mmoja aliokota kile kizibo, bado kimekazwa kwenye shingo ya dumu, akakitazama, akamtazama mwenzake.

"Nani kafunga?" aliuliza Mzee Nahumu taratibu.

Abdulaziz aliinama kuliinua dumu.

"Tutoeni hili kapeti," alisema kijana mwingine, mwenye kutaka kusaidia, na akalivuta. Chini yake, mahali pa tairi, palikuwa na ubao wa duara wenye matundu, umelowa, na spika inatazama juu kama jicho.

Ndugu msomaji, kuna kimya cha msibani na kuna kimya cha aibu. Hiki cha pili kina kelele zaidi.

"Nini hicho, mwenzangu?" aliuliza Mzee Efraimu.

Mzee Nahumu alilitazama lile boksi. Alimtazama dereva wake, kisha akamgeukia mkwe wake mtarajiwa. Angesema nini? Kwamba amekuja kuomba binti wa watu, akaahidi kumtunza, naye kwenye gari lake mwenyewe hajui kilichomo?

"Redio," alisema. "Ni redio. Mimi nilimwambia aweke."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na tairi?"

"Nimeliacha nyumbani."

Mama Sila alimtazama mumewe kama anamwona kwa mara ya kwanza. Vijana walianza kuchekelea. Mzee wa kanisa na muziki wa buti! Mmoja akasema, "Babu, basi tuusikie," na mwingine akaitikia, na hata wanawake pale uani wakasogea. Mzee Efraimu hakucheka, ila alisema, "Wasikilizeni vijana. Mtogwa hatuna, tuonje hata muziki."

"Washa," alisema Mzee Nahumu bila kugeuka.

"Mzee, imelowa..."

"Nimesema washa."

Abdulaziz aliingiza mkono chini ya dashibodi akabonyeza. Kaseti iliyokuwemo ilikuwa ya dansi, ya wale vijana wa mbao, mwimbaji analalamikia mwanamke aliyemkimbia gesti. Maneno yalisikika vizuri sana. Kisha besi ikaitika kwa mkoromo mmoja mrefu, kama ng'ombe aliyekwama matopeni, moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu, ikanyamaza. Watu walicheka mpaka wakashikana. Kicheko kilimfuata Mzee Nahumu hadi uani, ambako hakukaribishwa kiti. Posa aliitoa akiwa amesimama, na kwa kuja mkono mtupu akatozwa faini, akailipa palepale bila kubishana. Binti hawakunyimwa. Lakini waliambiwa warudi siku nyingine, waje na mtogwa, waje kama watu.

* * *

Njiani kurudi Mama Sila alijaribu mara moja kusema kwamba mawingu yanajikusanya, mzee akapandisha kioo. Walipoingia Makambako, mzee hakuelekeza nyumbani kwa wakili. Alisema, "Simama hapa," karibu na mizani ya malori, na akanyoosha kiganja.

Abdulaziz aliweka ufunguo kiganjani.

"Mzee wangu, nisamehe. Tairi nitalirudisha. Nitalirudisha kesho, Mungu ni shahidi."

"Tairi ningekusamehe," alisema Mzee Nahumu. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza Abdulaziz. "Tairi ni mpira. Umenifanya nikasema uongo mbele ya mkwe wangu, Abduli. Umri huu. Na sikulazimishwa, nilisema mwenyewe, kwa sababu niliona haya kuwaambia kwamba mtu niliyekuwa nimpe gari ananiibia."

"Mzee, ana watoto," alisema Mama Sila.

"Nami nina jina." Akafungua mlango. "Toa kitu chako. Sitaki kulala nacho."

Basi Abdulaziz alifungua skurubu kwa kisu cha kumenyea machungwa, magari yakipita, watu wa mizani wakitazama. Alikata waya. Boksi lilitoka likichuruzika. Alilipandisha begani akaanza safari ya nyumbani kwa miguu, na ule ulanzi, ambao sasa ulikuwa umechacha sawasawa, ukamteremkia shingoni, ukaingia ndani ya shati.

Stendi ilikuwa haikwepeki. "Abduli!" aliita Tarsis kutoka garini. "Umehamisha disko?" Madereva wakaangua kicheko. Mbele kidogo, watu waliokuwa wakitoka kuswali alasiri walimpa salamu, wakainua pua, na salamu zikapungua. Mmoja, mtu mzima aliyemheshimu, alisema polepole, "Abdulaziz, hata wewe?" Alitaka kumweleza. Ataanzia wapi? Kwenye tairi, au kwenye kizibo? Alisema tu, "Nimemwagikiwa," na akaendelea.

Alikuwa amepanga maneno ya kumwambia Zamda. Aliyapanga njia nzima: kwanza atakaa, ataomba maji, kisha atasema mzee amekasirika kidogo, kisha kesho yake ndipo atasema zaidi. Alipokata kona ya nyumba yao, alisikia harufu ya pilau.

Mkeka ulikuwa umetandikwa barazani. Majirani wamekaa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, Salha amevaa gauni la Idi. Maalimu wa madrasa alikuwa ameshika tasbihi, mbele yake chetezo kinafuka ubani. Zamda alitoka ndani na sinia, usoni amejipaka wanja, kitu ambacho hakukifanya siku za kazi. Alikuwa amefunga biashara tangu asubuhi. Hakuwa amemwambia mumewe kitu, alitaka amshtue. Alitaka gari likifika tu lisomewe dua, lianze maisha yake likiwa safi.

Wote waligeuka wakatazama nyuma ya Abdulaziz, barabarani, wakingojea.

"Gari umeliacha wapi?" aliuliza Maalimu kwa uchangamfu. "Kama haliingii uchochoroni, tukalisomee huko huko."

Abdulaziz alisimama na boksi lake begani. Tone lilidondoka kutoka kwenye spika, likaanguka ukingoni mwa mkeka. Waliokuwa karibu walisogea. Alimtazama Zamda.

Zamda aliliona boksi. Akavuta ile harufu. Akaliweka sinia chini. Machozi yalimtoka na wanja ukamfuata mashavuni, lakini aliposema, alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Gari hakuna," alisema. "Kuleni, chakula kisipoe."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Maalimu alikohoa, akaizungusha tasbihi, akamtazama mume, akamtazama mke.

"Sasa mama," aliuliza, "dua tusome ya nini?"

Zamda alijipangusa kwa ncha ya khanga.

"Muombeeni kazi," alisema.